Kwa nini daktari wa moyo alianza na masikio

Najua nimekuwa kimya. Kuna mfumo wa rekodi za wagonjwa ninaouandikia kliniki moja ndogo ya watoto, na umekuwa ukinila usiku na mchana. Lakini ndio huo huo ulionirudisha kwenye jambo ambalo nimetaka kuliandika kwa muda mrefu. Leo hakuna somo la kuandika programu. Leo ni historia, tena historia ya tiba! Vumilieni kidogo, tarakilishi itaingia katikati ya hadithi na ikishaingia haitoki.

Jambo lenyewe lilianza na mpwa wangu. Alizaliwa na tundu moyoni, na alipofika miezi minne dada yangu akampeleka kwa daktari wa moyo wa watoto. Mimi nilikwenda kama dereva na mbeba mkoba. Nilitarajia daktari achukue kile kifaa cha kusikilizia na kukiweka kifuani mara moja. Wapi! Alimtazama mtoto usoni kwa muda mrefu bila kusema neno. Akamgeuza kichwa akaangalia sikio hili, akamgeuza tena akaangalia lile. "Mama, hebu nifungulie kiganja chake," akamwambia dada, akahesabu mistari. Akatazama nafasi kati ya vidole vya miguu. Akangoja mtoto alie ili achungulie kaakaa. Mwishowe kabisa ndipo akausikiliza moyo.

Tukiwa kwenye gari dada akaniuliza, "Kwani masikio yana uhusiano gani na moyo?" Mimi ndiye mtu wa kompyuta katika familia, kwa hiyo huwa wananidhania najua kila kitu. Sikuwa na jibu. Nimelitafuta vipande vipande kwa miaka kadhaa, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza hesabu. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, wapatao 8 huwa na kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo. Wengi wao hawana tatizo lingine lolote. Lakini kuna kundi ambalo moyo ni mstari mmoja tu katika orodha ndefu: moyo, masikio, kaakaa, figo, kimo, namna ya kujifunza. Ishara kama hizo zikitembea pamoja kwa mtoto mmoja baada ya mwingine, madaktari huziita sindromu. Na kwa karne nzima kazi kubwa imekuwa kutambua orodha ipi ni ipi.

Orodha ya kwanza ya maana ilitengenezwa na mwanamke aliyefungiwa mlango. Maude Abbott wa Montreal, Kanada, alitaka kusoma udaktari katika Chuo Kikuu cha McGill. McGill wakati huo haikupokea wanawake kwenye udaktari, kwa hiyo akasoma chuo kingine na kuhitimu mwaka 1894. Baadaye McGill hiyo hiyo ikampa kazi, si ya kutibu bali ya kutunza jumba la makumbusho la kitivo cha udaktari, mahali palipojaa mitungi ya viungo vya wafu. Ndani ya mitungi hiyo kulikuwa na mioyo ya ajabu ajabu, mingi haina maelezo. Abbott akaanza kuipanga. Daktari mashuhuri William Osler alipomwomba aandike sura kuhusu kasoro za moyo kwa ajili ya kitabu kikubwa cha tiba, alijenga sura hiyo juu ya visa 412. Ilitoka mwaka 1908. Kufikia 1936 alichapisha atlasi yake yenye visa 1,000. Mwandishi yeyote wa programu akiona majedwali ya Abbott atatabasamu: kasoro hapa, umri wa kifo pale, rangi ya ngozi ya mgonjwa, viungo vingine vilivyoathirika. Ilikuwa hifadhidata ya karatasi.

Tatizo ni kwamba kila mstari wa hifadhidata hiyo ulikuwa mtu aliyekufa. Hakuna aliyekuwa na dawa.

Hapo anaingia Helen Taussig, ambaye alikuwa na kazi mbili ngumu kwa mpigo: alikuwa daktari wa moyo, na masikio yake yalikuwa yanapoteza uwezo wa kusikia. Tangu mwaka 1930 aliongoza kliniki ya moyo ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Aliposhindwa kusikia mapigo vizuri, alijifunza kuyasoma kwa viganja vya mikono, akasaidiwa na mashine ya eksirei iliyomwonyesha moyo ukidunda. Wagonjwa waliomuumiza roho zaidi ni wale watoto walioitwa wa buluu, ambao midomo na kucha zao zilikuwa na rangi hiyo kwa sababu damu yao haikufika mapafuni ya kutosha. Taussig aligundua jambo dogo: kuna mshipa ambao kila mtoto huwa nao tumboni mwa mama na ambao hujifunga baada ya kuzaliwa. Baadhi ya watoto hao walikuwa na nafuu kidogo mshipa huo ukiwa wazi, na walizidiwa ulipojifunga. Basi kwa nini tusitengeneze mshipa wa namna hiyo kwa makusudi?

Alimwendea Robert Gross wa Boston, aliyekuwa amepata sifa mwaka 1938 kwa kuufunga mshipa huo kwa upasuaji. Gross hakuwa na hamu ya kufungua alichojulikana kwa kukifunga. Taussig akampata Alfred Blalock, daktari mpasuaji aliyehamia Baltimore mwaka 1941, na Blalock alikuja na msaidizi wake wa maabara, Vivien Thomas. Thomas alikuwa Mmarekani mweusi ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kwenda chuo. Ndiye aliyeufanyia upasuaji huo majaribio kwa mbwa mpaka ukakubali. Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alipompasua mtoto wa kike wa miezi 15, Thomas alisimama juu ya kibao nyuma ya bega lake akimwelekeza. Ripoti ilipochapishwa mwaka 1945 ilikuwa na majina mawili, la Blalock na la Taussig. La Thomas halikuwemo. Johns Hopkins ilimpa shahada ya heshima mwaka 1976. Hesabu mwenyewe imepita miaka mingapi.

Mtoto yule wa kwanza hakuishi muda mrefu, lakini waliomfuata waliishi. Na hapa kuna jambo ambalo nilikuwa silioni mpaka nilipopanga miaka kwenye karatasi. Sindromu nyingi za moyo zilitambuliwa katika miaka 20 iliyofuata upasuaji huo. Sababu ni rahisi: watoto sasa walikuwa wakirudi kliniki. Huwezi kuona kwamba watoto wawili wanafanana ikiwa wote wanakufa kabla hawajakutana kwenye benchi la kungojea.

Jacqueline Noonan aliona hasa kwenye benchi hilo. Alikuwa daktari wa moyo wa watoto katika Chuo Kikuu cha Iowa, na katika wagonjwa wake zaidi ya 800 alikuta 9 ambao vali ya kuelekea mapafuni ilikuwa imebana, na ambao wangeweza kudhaniwa ndugu wa tumbo moja: wafupi, macho yaliyoachana, masikio yaliyoshuka. Hawakuwa na undugu wowote. Alitoa ripoti yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo hali hiyo huitwa sindromu ya Noonan. Huko New Zealand, mwaka 1961, J. C. P. Williams alikuwa ameeleza watoto wanne wenye aorta iliyobana mahali pasipo pa kawaida, nyuso zinazofanana na akili zinazochelewa. Williams mwenyewe baadaye alitoweka, na hakuna aliyejua alikokwenda. Jina lake limebaki kwenye vyeti vya hospitali duniani kote.

Upande wa Paris kulikuwa na Marthe Gautier, na habari yake inanikera kila ninapoisoma. Yeye pia alikuwa daktari wa moyo wa watoto. Mwaka 1955 alikwenda Boston kusomea moyo, na huko akapewa kazi ya ziada katika maabara ya kukuza seli. Aliporudi Ufaransa nafasi ya moyo aliyoitarajia haikuwepo, akaishia katika hospitali nyingine kwa Profesa Raymond Turpin. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan walikuwa wametangaza kwamba binadamu ana kromosomu 46, wala si 48 kama ilivyofundishwa. Turpin akawaza: vipi kwa watoto wenye sindromu ya Down? Gautier akasema anajua kukuza seli. Hakukuwa na fedha. Alikopa ili anunue vyombo, akafuga jogoo ili apate plazma, na majimaji ya damu ya binadamu akayachota kwenye mkono wake mwenyewe. Mwaka 1958 akahesabu 47. Darubini yake haikuwa na kamera, na kwa simulizi yake, mwenzake Jérôme Lejeune alichukua slaidi aende kuzipiga picha. Taarifa ilipotoka Januari 1959 jina la kwanza lilikuwa Lejeune. La Gautier lilifuata, tena limeandikwa kwa makosa. Yeye akarudi kwenye mioyo ya watoto. Alifariki mwaka 2022.

Sindromu ya Down na moyo ni majirani wa karibu: karibu nusu ya watoto hao huzaliwa na kasoro ya moyo. Ndiyo maana daktari wetu alihesabu mistari ya kiganja.

Haya, tarakilishi sasa. Katika hospitali ile ile ya Taussig alikuwepo Victor McKusick, kijana wa shambani kutoka jimbo la Maine, ambaye naye alianza kama daktari wa moyo. Ni mtu aliyependa mashine. Alichukua teknolojia ya kuchora sauti iliyotoka maabara za simu za Bell na kuitumia kuchora sauti za moyo. Akakutana na wagonjwa wa sindromu ya Marfan, watu warefu wenye vidole virefu ambao aorta zao hupasuka, akajiuliza: moyo, macho na mifupa, vyote vinaharibikaje kwa pamoja? Jibu lake lilikuwa kwamba kitu kimoja cha kurithi kimeharibika katika nyama zinazoshikilia mwili. Mwaka 1957 akaanzisha idara ya jenetiki ya tiba, na wenzake wakadhani amepotea njia. Kwa nini mtu aache moyo afuate magonjwa adimu ambayo daktari wa kawaida hakutani nayo?

Mwaka 1964 aliandika kuhusu Waamish wa Pennsylvania, watu wa dini wasiotumia umeme wala magari, wanaooana wenyewe kwa wenyewe na kutunza nasaba zao kwa makini. Miongoni mwao kulikuwa na watoto wafupi wenye vidole sita, wengi wao wakiwa na ukuta uliokosekana kati ya vyumba vya juu vya moyo. McKusick alifuata nasaba nyuma hadi mume na mke waliohamia huko mwaka 1744. Nakala moja mbovu ya jeni ilikuwa imesafiri kimya kizazi baada ya kizazi, mpaka watu wawili walioibeba wakaoana.

Ili kutunza nasaba na orodha kama hizo ulihitaji kumbukumbu isiyochoka. McKusick akaingia kwenye kadi za kutoboa na tepu za sumaku mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati hospitali nyingi tarakilishi zilikuwa nazo, kama zilikuwa nazo, za kuhesabu mishahara. Mwaka 1966 alichapisha orodha ya hali zote za binadamu zinazorithiwa kwa kanuni za Mendel, kama 1,500 hivi. Kitabu hicho kilipangwa na tarakilishi, kwa hiyo toleo lililofuata halikuhitaji kupigwa chapa upya tangu herufi ya kwanza. Kilitoka mara 12 hadi 1998. Kabla ya hapo, mwaka 1987, kilikuwa kimeshaingia mtandaoni kwa jina la OMIM, miaka kadhaa kabla wengi wetu hatujasikia neno intaneti, na mwaka 1995 kikaingia kwenye wavuti. McKusick alifariki 2008 na orodha inaendelea kusahihishwa.

Sasa ngoja niwaonyeshe kitu ambacho wenzangu wa hifadhidata mtakifurahia, au kitawauma. Kila ugonjwa kwenye orodha una namba ya tarakimu 6. Marfan ni 154700. Noonan ni 163950. Tarakimu ya kwanza ilikuwa na maana: 1 ni kwa hali ambazo nakala moja mbovu inatosha, 2 ni zile zinazohitaji nakala mbili, 3 ni za kromosomu ya X. Mnaona tatizo? Alitia elimu ndani ya namba ya utambulisho! Kila mwalimu wa hifadhidata hukataza jambo hilo siku ya kwanza, kwa sababu elimu hubadilika na namba haipaswi kubadilika. Na elimu ilibadilika kweli. Ikaonekana kwamba jeni moja inaweza kurithiwa kwa namna zote mbili. Tangu Mei 1994 rekodi mpya za kromosomu za kawaida hupewa 6, basi, bila kusema zinarithiwaje. Zile za zamani zimeachwa na namba zao. Mimi huwa ninazitazama kama mawe ya mpaka wa shamba lililokwisha kuuzwa.

Kosa la pili halikuwa la McKusick. Ni kosa la binadamu wote, na ndilo lililonifanya nimwelewe yule daktari.

Mwaka 1965, huko Philadelphia, Angelo DiGeorge alieleza watoto waliozaliwa bila tezi ya thaimasi na bila tezi zinazosimamia kalsiamu ya damu. Yeye alikuwa daktari wa homoni. Mwaka 1976, madaktari wa moyo wa Tokyo, katika kundi la Atsuyoshi Takao, walieleza watoto wenye kasoro kwenye mishipa mikubwa itokayo moyoni na sura za aina moja. Mwaka 1978, New York, Robert Shprintzen, mtaalamu wa matamshi, alieleza watoto wenye kaakaa bovu, sauti ya puani, matatizo ya moyo na ugumu wa kujifunza. Wataalamu watatu, majina matatu, vikundi vitatu vya wazazi wanaoandikiana barua. Kwenye orodha ya McKusick, DiGeorge alipewa 188400 na Shprintzen 192430.

Ilikuwa rekodi moja! Mwaka 1981 Albert de la Chapelle wa Finland aliona familia ambayo wagonjwa wake wa DiGeorge walikuwa wamepungukiwa kipande cha kromosomu ya 22. Miaka ya mwanzo ya 1990 ikaja mbinu ya kupaka rangi inayong'aa kwenye kipande mahususi cha kromosomu: ukiona madoa mawili, sawa, ukiona moja, kuna pengo. Wakapima wagonjwa wa DiGeorge, wa Tokyo na wa Shprintzen. Wengi wao walikuwa na pengo lile lile. Mmoja alitazama shingo, mwingine moyo, mwingine mdomo, na kila mmoja akampa mtoto jina la mahali alipotazama.

Pengo lenyewe kwa kawaida lina herufi za DNA milioni 3 hivi, na kutokea kwake kunaeleweka vizuri na mtu yeyote aliyewahi kuunganisha mafaili mawili ya programu. Kando ya eneo hilo kuna vipande virefu vinavyofanana sana. Kromosomu zinapojipanga ubavu kwa ubavu ili kubadilishana sehemu, mashine ya seli huchanganya kipande cha kwanza na kile pacha wake wa mbele, na vyote vilivyokuwa katikati vinaachwa nje. Kwa hiyo wagonjwa 9 katika 10 hivi hawakurithi pengo. Limezaliwa upya kwao. Kadirio lililotumika sana ni mtoto 1 katika kila 4,000. Kwa ugonjwa unaoitwa adimu, hao ni wengi.

Lakini swali la dada bado. Masikio na moyo wapi na wapi? Jibu lilitoka kwa kware. Naam, kware, ndege wale wale waliowatia Wakenya hasara mwaka 2014 baada ya kila mtu kujenga kibanda cha kuwafuga. Nicole Le Douarin wa Ufaransa aligundua mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba kiini cha seli ya kware kinatofautika kwa macho na cha kuku. Ukipandikiza seli za kware ndani ya kiinitete cha kuku unaweza kuzifuata zilikokwenda, kama kuandika jina kwenye mzigo. Kuna seli zinazozaliwa kwenye ukingo wa mfereji utakaokuwa uti wa mgongo, kisha zinasafiri. Baadhi huenda kujenga uso, taya na masikio. Nyingine hushuka shingoni. Nyingine zinafika moyoni. Mwaka 1983, Marekani, Margaret Kirby na wenzake waliziondoa seli hizo katika viinitete vya kuku, na vifaranga vikapata moyo ambao mshipa mkubwa haukugawanyika kuwa aorta na mshipa wa mapafu. Ni kasoro ile ile inayoonekana kwa watoto. Mwaka 2001 maabara kadhaa zilionyesha kwa panya kwamba jeni moja ndani ya pengo la 22, iitwayo TBX1, ndiyo kiungo kikubwa katika shughuli ya eneo hilo la shingo.

Kwa hiyo masikio, kaakaa, tezi za shingoni na mlango wa moyo vilijengwa na mafundi wa kundi moja. Daktari akitazama sikio anatazama kazi ya fundi yule yule mahali ambapo haihitaji kupasua ili kuiona.

Na si udadisi tu. Mtoto mwenye pengo la 22 akipasuliwa moyo, kalsiamu yake inaweza kushuka akapata degedege, na asiyejua atadhani ni ajali ya upasuaji. Ikiwa thaimasi yake ni dhaifu, damu ya kuongezewa inafaa ipigwe mionzi kwanza, la sivyo seli za mtoaji zinaweza kuushambulia mwili wake. Baadhi ya chanjo zenye vijidudu hai huangaliwa upya. Jina sahihi la ugonjwa hubadilisha mpango wa siku ile ile.

Yaliyofuata nitayapitia haraka kwa sababu yanafanana. Jeni ya elastini kwa sindromu ya Williams, 1993. TBX5 kwa sindromu ya Holt-Oram, yenye matundu ya moyo na mikono isiyokamilika, 1997. PTPN11 kwa karibu nusu ya wagonjwa wa Noonan, 2001. Mwaka 2010 watafiti walisoma sehemu zote za DNA zinazotoa protini kwa watu 10 wenye sindromu ya Kabuki, wakaipata jeni bila nasaba wala ramani, jambo ambalo McKusick asingeamini. Mwaka 2013 muungano wa hospitali za Marekani ulilinganisha DNA ya watoto 362 wenye kasoro nzito za moyo na ya wazazi wao, ukakadiria kwamba makosa mapya, ambayo wazazi hawana, yanachangia katika takriban asilimia 10. Wazazi wengi hujilaumu. Dada yangu alijilaumu kwa panado alizomeza akiwa mjamzito.

Kinachonikosesha usingizi ni sehemu ya mwisho, kwa kuwa ni ya fani yangu. Kuna programu ambazo hupokea picha ya uso wa mtoto na kutoa orodha ya sindromu zinazoelekea. Zimefundishwa kwa maelfu ya picha. Picha za nani? Mwaka 2017 kundi la madaktari wa Kinshasa na wenzao wa Ubelgiji waliijaribu moja, Face2Gene, kwa watoto wenye sindromu ya Down, hali ambayo hata muuza duka huitambua. Kwa watoto wa Ubelgiji ilipatia kwa asilimia 80. Kwa watoto wa Kongo, takriban 37. Walipoifundisha kwa picha za watoto wa Kiafrika, ikapanda hadi karibu 95. Msimbo ulikuwa ule ule. Vitabu vya madaktari vilikuwa na upungufu huo huo miaka mingi kabla ya programu, na ndiyo maana taasisi ya utafiti wa jenomu ya Marekani ilifungua mwaka 2016 atlasi ya picha za sindromu kutoka mabara mbalimbali.

Yule daktari alituambia wazi: picha za kitabu chake nyingi si za watoto kama wetu, kwa hiyo hakuwa na hakika na masikio ya mpwa wangu. Damu ikatumwa nje ya nchi, tukalipa, tukangoja wiki tisa. Jibu likarudi: madoa mawili, kromosomu ya 22 ni kamili. Tundu lilifungwa mwaka uliofuata. Masikio yake, kumbe, ni ya babu yetu mzaa mama. Tulikuwa nayo kwenye picha ya ukutani siku zote.

Turudi kwenye kliniki yangu. Katika mfumo wao wa zamani, kasoro ya moyo iliandikwa kwenye kisanduku kimoja cha maneno huru. Nimekuta "tundu", "tundu moyo", "moyo una shida" na "TOF?" katika rekodi za mtoto mmoja. Tangu 2008 kuna msamiati wa ishara za magonjwa ya kurithi ulioanzishwa Berlin, ambapo kila ishara ina namba isiyobeba maana yoyote ndani yake. Kasoro nne za Fallot, kwa mfano, ni HP:0001636. Nimeuingiza. Sasa chini ya moyo kuna mistari ya masikio, kaakaa, viganja na kalsiamu, na nafasi ya picha kwa idhini ya mzazi. Muuguzi mkuu ameniita ofisini Ijumaa iliyopita kulalamika kwamba nimemwongezea mibofyo sita kwa kila mtoto, na kwamba foleni ya Jumatatu haimsubiri mtu. Nimeshapunguza hadi minne. Anataka miwili.